Vifaa vya kuzamia vinafika Dodoma, hewa haifiki

Watu wa ofisini Mtumba wakijua kwamba unazamia, swali lao la kwanza ni hili: "Sasa Dodoma unazamia wapi, Hombolo?" Wanacheka, nami nacheka. Bwawa la Hombolo lipo, na Mtera lipo mbele zaidi, lakini maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na sijaona sababu ya kushuka kutazama tope. Mimi huzamia Unguja, na mfuko ukiruhusu, Mafia. Tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria hapa Julai 2024, Dar imekuwa safari ya chini ya saa nne. Ukitoka kazini Ijumaa ukalala Dar, Jumamosi asubuhi uko kwenye boti ya Unguja na begi lako.

Leo nataka kuzungumzia hilo begi, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza: aagize mtandaoni au anunue dukani pwani?

Kwa muda mrefu mimi nilikuwa mtu wa kukodi. Vituo vingi vya Unguja hujumuisha vifaa kwenye bei ya kuzamia, kwa kuwa wateja wao wengi ni watalii waliokuja na kaptula na mafuta ya jua tu. Ila ukishakuwa mzamiaji wa mara kwa mara, unachoka. Unachoka na maski inayovuja upande mmoja, mapezi yanayochubua visigino, na suti ya kuzamia iliyokwisha kuvaliwa na mataifa yote ya dunia, ambao baadhi yao, tusifichane, hukojoa humo humo. Unataka vyako. Na mtu wa Dodoma akitaka vyake, Majengo hakuna, Sabasaba hakuna, soko la Ndugai hakuna. Anafungua simu.

Kwenye simu ndiko kwenye vishawishi. Regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi, niliyoiona kwenye kabati la kioo la duka moja Unguja, niliikuta mtandaoni kwa bei iliyokaribia nusu. Rangi ileile, namba ya modeli ileile. Mtu yeyote mwenye akili timamu na mshahara wa serikali ataanza kumwona mwenye duka kuwa mwizi.

Kabla hujamwita mwizi, piga hesabu. Tuseme mzigo wako pamoja na bima na nauli umefika Dar ukiwa na thamani ya shilingi 1,000,000. Bidhaa iliyokamilika, kwa viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, mara nyingi hutozwa ushuru wa asilimia 25, yaani 250,000. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye ile milioni, inatozwa kwenye milioni pamoja na ushuru wake, kwa hiyo ni 225,000. Hapo umeshafika 1,475,000, na bado kuna tozo ndogo ndogo na pesa ya wakala. Halafu mzigo unapandishwa basi kuja Dodoma. Ile nusu bei uliyoiona usiku ukiwa kitandani haipo tena.

Mzigo wangu ulifika Nanenane kwenye boksi lililoandikwa namba yangu ya simu kwa maka pen, herufi kubwa kama tangazo la kiwanja. Kijana wa ofisi ya mizigo alilifungua kidogo pembeni, akaona mipira na kile cha kuwekwa mdomoni, akaniangalia kwa huruma. "Pole sana, kaka. Mgonjwa yuko Benjamin Mkapa au General?" Nilimweleza kwamba ni ya kupumulia chini ya maji. Akasema sawa, lakini uso wake ulisema mgonjwa ni mimi.

Tuje kwa mwenye duka. Ninayemzungumzia ni mzee mmoja wa Unguja mwenye kaduka kadogo ambako mbele kunauzwa vifaa na nyuma kuna kompresa ya kujazia mitungi hewa na meza ya ufundi. Sitamtaja jina, hapendi mambo ya mitandao. Siku niliyompelekea regyuleta yangu ya mtandaoni nilitegemea kusemwa. Aliishika, akaigeuza, akasoma namba iliyochongwa ubavuni, akauliza bei niliyonunulia. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu.

"Mwanangu, mimi kwa bei hiyo hata wakala wangu haniuzii."

Hilo wengi hatulijui. Duka kubwa la Ulaya au Marekani hununua mzigo mkubwa sana kwa mpigo na kupewa punguzo ambalo duka la Unguja halitaliona maishani. Mengine huuza bidhaa iliyopitia mlango wa nyuma: imenunuliwa kwa jumla kwenye nchi ambako mtengenezaji anauza rahisi, ikahamishiwa sokoni kwingine bila baraka zake. Kifaa ni halisi, lakini garantii haikufuati. Baadhi ya watengenezaji wakubwa huahidi vipuri vya bure kwa mnunuzi wa kwanza, kwa sharti kwamba umenunua kwa muuzaji wao rasmi, una risiti, na umefanya sevisi kwa fundi wao kila mwaka au kila walivyopanga. Ukikosa kimoja, vipuri unalipia. Mzee aliniambia haya bila kunisimanga, kama anayesoma menyu.

Halafu kuna mambo ya saizi, na hapa ndipo niliposimama upande wake kabisa. Mimi niliagiza suti moja, ya mwili wangu. Yeye akitaka kuuza suti lazima aweke za watoto, za wanawake, ndogo, za kati, kubwa, kubwa zaidi, na unene wa milimita 3 na 5. Mzungu mwembamba akija leo anachukua ya kati. Ile kubwa zaidi inaning'inia miaka, mpira wake unakauka na kukakamaa kwa joto na chumvi ya hewani, na mwisho anaigawa kwa vijana wa boti. Hasara ya suti ile lazima aitie mahali, na anaitia kwenye bei ya regyuleta iliyo kwenye kabati la kioo. Wateja nao wamejua mchezo. Wanaingia, wanajaribu saizi, wanauliza maswali nusu saa, wanapiga picha lebo, wanaaga kwa adabu na kwenda kuagiza. Alinionyesha stuli ya kujaribia mapezi. "Hii stuli," akasema, "imeuzia watu wa Amazon vitu vingi kuliko mimi."

Maduka kama hayo yamepita kwenye mengi kabla hata ya intaneti kuwabana. Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika, na kompresa zikaendeshwa kwa jenereta, dizeli ikila faida yote. Mwaka 2020 ndege zikasimama. Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Mzee anasema mwaka ule aliuza mitungi yake kadhaa ili alipe kodi ya pango. Sikuuliza mingapi.

Baada ya kununua vifaa nilipata wazo la kujifanyia mazoezi kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, niwe mwepesi nikifika baharini. Vifaa vyote ninavyo. Hewa je? Nikamwuliza fundi tairi wangu, nusu kwa utani. Akasema, "Lete mtungi, bosi, nitakuwekea hata bure."

Kompresa ya tairi inasukuma shinikizo la baa 8 au 10 (baa ni kipimo cha shinikizo). Mtungi wa kuzamia wa lita 12 hujazwa hadi baa 200, kwa hiyo ndani yake mnaingia karibu lita 2,400 za hewa ya kawaida. Hewa, nasisitiza, siyo oksijeni. Kila mtu anauita mtungi wa oksijeni, lakini ndani ni hii hii tunayovuta, oksijeni asilimia 21 na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Lililo kubwa kuliko shinikizo ni usafi. Kompresa ya gereji inatema mvuke wa oili, na ikiwa karibu na moshi wa injini inameza kaboni monoksaidi. Juu ya ardhi utapata kichwa kuuma. Ukiwa mita 30 chini, ambako shinikizo ni mara nne ya hapa juu, kila sumu iliyomo kwenye hewa yako inafanya kazi mara nne. Kompresa ya kuzamia ina vichujio vya kukausha hewa na kunasa hayo yote, na vichujio vinabadilishwa kwa kuhesabu saa ambazo kompresa imefanya kazi. Pwani, kwenye joto na unyevunyevu, vinakwisha upesi zaidi. Mtungi wenyewe hukaguliwa ndani kila mwaka, na kwa kawaida kila baada ya miaka mitano hupimwa kwa shinikizo la maji kuona kama chuma bado kina nguvu.

Hivyo vyote hulipii ukinunua regyuleta Marekani. Ukija kujaza mtungi kwa mzee unalipa pesa ndogo tu, haifiki bei ya chakula cha mchana mahali pa heshima. Aliyekuwa analipia vichujio, siku zote, ni yule aliyenunua kifaa kwenye kabati la kioo. Sasa huyo mtu haji tena. Duka likifungwa, regyuleta yangu ya bei poa inakuwa pambo la sebuleni Dodoma, wageni waulize mgonjwa ni nani.

Na sevisi. Nilikaa naye mezani akifungua yangu baada ya msimu mmoja wa chumvi, na ningependa kila anayenunua mtandaoni akae kwenye kile kiti mara moja. Sehemu ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, inashusha hewa kutoka baa 200 hadi kama 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yaliyokuzunguka. Ya pili, ya mdomoni, inamalizia kazi ili uvute kama uko kitandani. Alipoifungua ya kwanza, kwenye mdomo wa shaba mlikuwa na ukurutu wa kijani, na kwenye mfereji wa oringi, kile kipira cha duara cha kuzuia hewa isivuje, mlikuwa na punje nyeupe za chumvi. Kwa jicho langu ilikuwa safi. Akaitoa oringi kwa kijiti cha shaba laini, siyo bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye kuta zile unatosha kuvujisha. Vyuma akavitumbukiza kwenye maji yenye siki ndani ya kimashine kinachotetemesha, vikatoka vinang'aa. Oringi mpya akazipaka grisi ya silikoni kwa ncha ya kidole, kidogo sana. Kisha akafunga geji na kuiacha, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi sindano ilikuwa palepale. "Ingepanda taratibu," akasema, "ungejua inavuja ndani."

Mtambo huu umebadilika kidogo mno. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, waliuunda wakianzia vali ambayo Gagnan alikuwa ameitengeneza ili magari yaende kwa gesi petroli ilipoadimika wakati wa vita. Fundi wa gari anaweza kuuelewa kwa mchana mmoja. Tatizo ni vipuri: watengenezaji wengi huuza seti za sevisi kwa mafundi waliosajiliwa nao tu. Ukinunua chapa isiyo na fundi Afrika Mashariki, oringi mbili za shilingi mia kadhaa zinaweza kukulaza nje ya maji miezi.

Ila kilichonifanya niache kabisa kumpigia hesabu yule mzee siyo ufundi. Ni swali. Siku moja nimemaliza kuzamia mara mbili, nimesuuza vifaa, nafunga begi, akaniuliza akiwa amenipa mgongo:

"Leo unalala wapi, mwanangu?"

Nikamwambia nawahi boti, jioni napanda treni, nalala kwangu Dodoma.

Akageuka. "Dodoma si mlimani kule?"

Sijawahi kufikiria Dodoma kama mlima. Ni tambarare, vumbi na mizabibu. Lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukizamia, naitrojeni inaingia mwilini kwa shinikizo na inahitaji muda kutoka polepole. Ukipanda kwenye hewa nyepesi kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu ndani ya damu na viungo, na hapo ndipo watu hupata maumivu makali, ganzi, wengine kupooza. Ndiyo sababu tunaambiwa tusipande ndege mapema: mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, unashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Mwongozo huo umewekwa kwa mwinuko wa kuanzia kama mita 600 hadi 2,400. Mwili haujali kama umefika mita 1,100 kwa mabawa au kwa reli. Dodoma imo.

Zamani kwa basi ungetumia siku nzima njiani, na uchovu ungekulazimisha kulala Dar. Treni ya mwendokasi inakupandisha kutoka usawa wa bahari hadi huku upesi kuliko mwili ulivyojipanga. Nililala Unguja usiku ule. Tangu hapo nazamia Jumamosi tu. Jumapili nakula urojo, nasubiri boti ya mchana, natazama saa. Hakuna tovuti iliyowahi kuniuliza ninalala wapi. Ziliuliza anwani ya kupelekea mzigo, zikaandikiwa Dodoma, zikasema asante kwa kununua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue wapi, namjibu kwa kifaa. Maski usiagize kabisa. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie mkono. Ikibaki imeshika ni yako, ikidondoka siyo yako hata iwe ya bure. (Wenye masharubu mtahangaika, hakuna namna.) Mapezi na viatu vyake, jaribu mguuni. Snokeli, begi, kisu, tochi, boya la kujionyeshea: agiza kwa amani, ila tochi na kompyuta za kuzamia zinazovaliwa mkononi zina betri za lithiamu na wasafirishaji wengine huzikataa, uliza kwanza. Kompyuta yenyewe kuagiza si vibaya kama garantii yake ni ya dunia nzima. Regyuleta na jaketi la hewa la kuelea, nunua chapa ambayo fundi wako wa pwani ana vipuri vyake, hata kama unanunua kwingine. Na uliza mapema kama mitungi ya unakozamia inafungwa kwa klampu au kwa kusokota, ile wanayoiita DIN. Maduka ya Marekani hukuletea ya klampu usiposema neno, ya Ulaya mara nyingi ya kusokota.

Kuna pia mitumba: walimu wa kuzamia wakimaliza mkataba huuza vyao kuliko kubeba mzigo kwenye ndege. Bei nzuri. Toa hela ya sevisi pembeni kabla hujaingia majini.

Wenye maduka nao nina neno nao, maana si wote kama mzee wangu. Wapo wanaokataa kugusa kifaa ambacho hukununua kwao, au wanakigusa huku wanakusomea hotuba. Mteja huyo harudi, na alikuwa amekuja kulipa. Kama uhai wa duka ni kujaza na kutengeneza, basi bei ya kujaza na kutengeneza iandikwe ukutani, ya kweli, ya kulipia vichujio na umeme na mikono ya fundi. Waweke na bei ya ushauri na kupimisha, ikatwe mtu akinunua. Sisi wa kuagiza tutanung'unika siku ya kwanza, kisha tutalipa, kwa sababu hatuna pa kwenda. Kinachoua ni kuendelea kuficha gharama ya hewa ndani ya bei ya regyuleta ambayo mtu anaweza kuilinganisha kwa simu akiwa amesimama mbele yako.

Nilimwambia mzee hivyo. Alisema Wazungu wataelewa, wenyeji watamwita mchoyo. Tukabishana kidogo, hatukuafikiana. Lakini kwenye suti tumeafikiana. Maji ya Unguja wakati wa kusi hushuka hadi kama nyuzi 25, na milimita 3 zangu hazitoshi kwa mizamio miwili mfululizo. Nataka ya 5. Amenipima kifua, kiuno na mapaja kwa futi ya fundi cherehani, nimemwachia nusu ya pesa, naye ataagiza hiyo moja tu pamoja na mzigo wake mwingine, isije ikaning'inia ukutani. Bei imezidi ya mtandaoni, siyo kwa mbali. Sharti lake ni moja: nisinenepe. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za nyama choma ya mnadani Msalato.